Inzi wa Ndoana na Maji ya Mlimani

Wasikilizaji wetu, trauti si samaki wa asili wa nchi zetu. Waliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Uskochi, na baadaye wakatiwa katika mito ya baridi ya milima ya Tanganyika. Sisi tukaao chini ya Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, twajua ubaridi wa maji yashukayo huko. Na trauti hastawi katika maji ya uvuguvugu.

Ili kumvua, hufungwa inzi wa bandia. Mvuvi hutwaa ndoana ndogo, akaizungushia uzi wa hariri, kisha akafunga unyoya wa shingo ya mtetea. Unyoya wa jogoo ni mkavu, huelea. Wa mtetea ni laini, hulowa na kuzama, ukachezacheza mfano wa mdudu hai. Huutupa kukingama mto, akauacha mkondo uuchukue.

Lakini tukilima hata ukingoni, mvua huteremsha udongo ukafunika changarawe anamotaga trauti. Mayai hukosa hewa, yakafa. Na maji hayohayo ndiyo tunywayo sisi na watoto wetu. Basi, kabla ya kufunga inzi, tuiache miti ya ukingoni isimame.