CHUMBA GANI HUHESABIWA?
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Leo hatusemi habari za mishahara. Twasema habari za nyumba na baridi. Wako ndugu na watoto wetu walio Uingereza, wauguzi na watunzaji wa wazee. Mkataba wa serikali hizo mbili juu ya wafanyakazi wa afya ulitiwa sahihi Julai 2021. Wakifika huko wanapanga nyumba, nao wanatuuliza: hii hati ya moto wa nyumba maana yake nini?

Basi sikilizeni. Huko mwenye nyumba akitaka kupangisha, sharti awe na hati inayoonyesha nyumba yake inakula moto na umeme kiasi gani. Hati hupewa herufi, tangu A iliyo bora mpaka G iliyo mbaya, nayo hudumu miaka 10. Katika Uingereza na Wales, tangu Aprili 2018 kwa mapatano mapya, na tangu Aprili 2020 kwa wapangaji waliokuwamo, nyumba iliyo chini ya E haipangishwi ila iwe na ruhusa maalum.

Mpimaji akiingia huhesabu vyumba. Lakini hahesabu kama sisi tuhesabuvyo. Sebule huhesabiwa. Chumba cha kulala huhesabiwa. Chumba cha kulia na cha kusomea huhesabiwa. Jiko la kupikia tu halihesabiwi, ila likiwa na nafasi ya meza na viti vinne. Bafu, choo, ujia na ngazi havimo. Chumba kisicho na dirisha hakimo. Chumba cha darini huhesabiwa kikiwa na ngazi ya kudumu, ambayo mtu aweza kuishuka uso ukielekea mbele. Ngazi ya kuegemeza haitoshi.

Mtasema: haya ni mambo madogo. Sivyo. Hesabu huchukulia kwamba sebule hutiwa joto la digrii 21, na vyumba vingine chini yake. Ukubwa wa sebule haupimwi. Hukisiwa kwa idadi ya vyumba. Nyumba ya vyumba viwili, sebule ni nusu ya sakafu. Ya vyumba vitatu, ni sehemu 30 katika 100. Chukueni nyumba ya mita 60 za mraba. Ikiandikwa vyumba viwili, sebule ni mita 30. Ikiandikwa vitatu, ni mita 18. Chumba kimoja kikikosewa, mita 12 zimehama, na hesabu ya moto imehama nazo.

Jambo kubwa tunalotaka mlishike ni hili: kila hesabu ina swali lake. Hati hii hujibu swali la moto, wala si swali la watu wangapi wakae ndani, wala kodi iwe kiasi gani. Mwenye nyumba akikuonyesha kijichumba kisicho na dirisha akakiita chumba cha kulala, jua ya kuwa mpimaji hakukihesabu. Wewe utakilipia na utalala humo na baridi yake. Kwa hiyo waandikieni ndugu zetu: kabla ya kutia sahihi, ombeni hati. Tazameni herufi, tazameni ukubwa wa sakafu katika mita za mraba, kisha ingieni kila chumba kwa miguu yenu na mlinganishe.

Nasi hapa Kenya tusicheke. Wengi wetu twakaa chumba kimoja. Pazia likivutwa huku ni jiko, huku ni kitanda cha watoto. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa, au alipe fedha za kutosha kodi ya nyumba hiyo. Inayofaa ni ipi? Kinachohesabiwa kuwa chumba ni kipi? Mwajiri ana hesabu yake. Tukienda mezani bila hesabu yetu, tutapokea ya kwake.

Basi kila mmoja wenu na apime nyumba yake wiki hii: vyumba, madirisha, mahali pa kupikia. Aandike, amletee karani wa tawi. Tutakapokaa na mwajiri, tutakuwa na karatasi mkononi.

Umoja ni nguvu.