Supu Iliyoganda na Ngozi ya Mtoto Aliyeungua

 

Leo tuanzie jikoni. Ukichemsha miguu ya ng'ombe, ukaiacha supu ilale, asubuhi utaikuta imeganda na inatikisika. Kinachoigandisha ni jelatini, protini itokayo kwenye ngozi, kano na mifupa. Vitu vya namna hiyo, vinavyoshika maji mengi bila kumwagika, wataalamu huviita haidrojeli.

Vinatuhusu vipi? Mtoto akiungua hadi ndani kabisa, ngozi haioti tena vizuri yenyewe. Daktari huchukua ngozi ya sehemu nyingine, kama paja, na kuipandikiza kwenye kidonda. Lakini aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hana ngozi nzima ya kutosha. Ndiyo sababu wanasayansi wanajaribu njia nyingine: wanachukua chembe hai chache za ngozi, wanazikuza ziwe nyingi, wanazichanganya na jeli, kisha mashine inazipanga tabaka kwa tabaka.

Kazi ngumu ni jeli yenyewe. Ikiwa nyepesi kama uji, itatiririka. Ikiwa nzito kama ugali, haitapita kwenye tundu la mashine, na kuisukuma kwa nguvu huua chembe. Lazima ipite, isimame, na ipitishe maji na chakula ili chembe ziishi.

Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walieleza jinsi walivyofunika vidonda vya panya na nguruwe kwa njia hii, vikapona upesi zaidi. Kwa watoto wetu, hii bado si tiba ya kawaida hospitalini.

Kwa hiyo mama, usingoje mashine. Mtoto akimwagikiwa chai:

Mwondoe kwenye moto, umvue nguo, isipokuwa iliyogandamana na ngozi.

Mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama huna bomba, tumia jagi. Usitumie barafu.

Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Usipasue malengelenge.

Funika kidonda kwa kitambaa safi, mfunike mtoto asishikwe na baridi, umpeleke kituo cha afya mara moja.

Maji hayo ya mapema hupunguza kina cha kidonda. Huenda yakamwepusha mwanao na kupandikizwa ngozi.