"Mimi Sibagui, Lakini..."



Kila tukikutana tunazungumza yale tunayotendewa, na ni haki yetu. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa na serikali, wakapewa kadi za rangi ya waridi ati zithibitishe ni Wakenya. Aprili 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, watu walizolewa Eastleigh wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Wanubi wa Kibra wamesumbuliwa miaka na miaka kwa ajili ya kitambulisho. Haya tunayajua na hatutanyamaza.

Sasa nikuulize wewe: sisi kwa sisi je?

Mpangaji anatafuta nyumba. Kodi anayo, swala anaswali. Akitaja jina la ukoo tu, chumba "kimeshachukuliwa". Kijana ameslimu miaka kumi, alfajiri yuko safu ya kwanza. Akileta posa anaulizwa, "Kwani wewe ni mtu wa wapi?" Mtu wa Pwani akiona Msomali amefungua duka, ashajua pesa imetoka wapi. Msomali naye ana jina lake kwa wenye nywele ngumu, ila halisemi mbele yao. Na jirani Mkristo kutoka bara tunamcheka tukiwa peke yetu.

Muulize yeyote kati ya hao, jibu ni moja: "Mimi sibagui, lakini..." Hapo kwenye "lakini" ndipo pa kusikiliza.

Abu Dharr alikuwa sahaba mkubwa. Siku moja alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake. Mtume (SAW) akamwambia wazi kwamba bado ndani yake mna ujahiliya. Hadithi hii imo katika Bukhari, na aliyeisimulia ni Abu Dharr mwenyewe! Alionekana Rabadha amevaa nguo sawa na mtumwa wake, akaulizwa sababu, naye akaeleza yote. Angeweza kusema "napenda tu hivi". Hakuficha, tena alibadilisha mpaka mavazi yake.

Wengine watasema, "Ukiyataja haya unawapa maadui silaha." Hebu fikiria. Yule askari anayekusimamisha kwa sababu ya kanzu au buibui, naye hasemi kwamba anabagua. Anasema ni kazi tu. Ana "lakini" yake. Utamdai vipi ajichunguze, na wewe yako umeifungia kabatini? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Simaanishi umwage matusi halafu useme "mimi ni mkweli". Hapana. Ukweli unaanza na wewe mwenyewe. Wiki hii ukimwona mtu na moyo ukaruka kumhukumu, simama kidogo ujiulize: hili nalijua, au nimelisikia tu nyumbani? Ukigundua ulilisikia tu, liite jina lake: ubaguzi. Kisha fanya kitendo kinyume chake. Mpe chumba anayestahili. Msikilize aliyeleta posa, uulize dini na tabia yake. Kwenye baraza mzaha ukianza, usicheke.

Sina hofu na kijana anayesema, "Ndani yangu mna kitu, nataka kitoke." Huyo ana dawa. Ninayemhofia ni yule aliyejiona hana.

Wewe "lakini" yako ni ipi?

Wabillahi tawfiq.