Mtu wa tano hapandi: maneno yetu juu ya mabwato ya mpira kwenye ziwa Tshangalele



Mmezoea kutusikia tukisema juu ya umeme, juu ya barabara, juu ya kazi ambayo hakuna. Leo tunasema juu ya bwato la mpira, lile la kutia hewa kwa pompi. Kuko atakayeuliza: harakati ya raia na bwato la mpira, wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Uhai wa raia njo jambo la kwanza la raia. Mtu akizama hatarudi kudai haki ingine yoyote.

Tunajua namna jambo hili linaanza, sababu ni letu sisi. Diplomu iko kwenye bahasha, kazi hakuna. Vijana watatu ao wane wanachanga feza, wanaagiza bwato la mpira, wanaenda Kapolowe siku ya Mungu. Watu wa Likasi wanashuka na watoto wao kutazama maji, na wale vijana wanawatembeza kwa feza kidogo. Hiyo ni kazi ya haki. Hatukuja kuwakataza. Tunataka tu kila mtu anayepanda arudi nyumbani, na kijana mwenye bwato asilale gerezani na kifo cha mtu moyoni.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tshangalele si ziwa la asili. Ni bonde la Lufira lililofunikwa na maji wakati wakoloni walijenga kizuizi cha Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930, juu ya kulisha migodi na viwanda vyetu. Sehemu kubwa ya ziwa si ya kina kirefu, na hapo njo udanganyifu. Watu wanaona matete, wanaona mvuvi amesimama wima ndani ya bwato lake la mti, wanasema: haya maji ni ya kucheza. Lakini maji yasiyo marefu juu ya uwanja mpana yanaamka haraka upepo ukipiga. Na mtu asiyejua kuogelea hahitaji mita kumi ili afe. Maji yanayopita kichwa chake yanatosha.

Tena tukumbuke mambo ya nchi yetu. Mwezi wa 4 mwaka 2019, kisha bwato kuzama kwenye ziwa Kivu upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi alifika kule na kuagiza kwamba kila abiria avae jile la kuokoa. Agizo lilikuwa zuri. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, meli iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiangalia kutoka ngambo. Makumi ya watu walikufa wakiwa wameshaona nyumba zao. Majirani zetu wa Tanzania nao walilia tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018: kivuko MV Nyerere, kilichojengwa kwa watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa.

Tazameni vizuri: Kituku karibu na bandari, Ukara karibu na gati. Kwa hiyo mtu akituambia “hatutaenda mbali”, hajatuambia kitu. Maji hayapimi umbali. Na agizo la Kinshasa halielei juu ya maji. Kinachoelea ni jile lililofungwa kifuani.

Mtasema zile zilikuwa meli kubwa. Ni kweli, lakini sababu ni zilezile, na kwa bwato la mpira zinafanya kazi haraka zaidi, sababu ni jepesi. Tuzipitie moja kwa moja.

Ya kwanza ni chombo. Kwenye masoko yetu kuko aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni kitu cha kuchezea mtoto kwenye pisini: plastiki nyembamba, mara nyingi chumba kimoja cha hewa. Kikitoboka, kimekwisha. Hicho hakiingii ziwani, hata kwa dakika tano. Ingine ni bwato la kweli: ngozi nene, vyumba vya hewa mbili, tatu ao zaidi, ili kimoja kikitoboka vingine vikubebe. Linaandikwa wazi ubavuni linabeba watu wangapi na kilo ngapi. Ukiona hakuna maandishi hayo, usilinunue, hata bei ikiwa tamu.

Ya pili ni hewa. Hewa inakua na joto na inapunguka na baridi. Ukijaza bwato asubuhi mpaka linalia kama ngoma, kisha ukaliacha juu ya mchanga saa sita, jua linaweza kulipasua kwenye maungio. Ukilijaza vizuri kwenye jua na kulisukuma ndani ya maji ya baridi, kisha dakika chache linalegea na kujikunja katikati. Kwa hiyo: jaza kwa kipimo kilichoandikwa, liweke majini, ngoja kidogo, kisha pima tena na uongeze. Likitoka majini na jua ni kali, punguza hewa kidogo. Na usiku wa kuamkia safari, lijaze uliache nyumbani mpaka asubuhi. Likilegea, paka maji ya sabuni; fasi mapovu yanatoka njo fasi ya tundu. Kiraka nacho kina sheria yake: safisha, kausha, kwaruza kidogo, bandika kwa gundi inayofaa, kisha ngoja siku nzima. Gundi ya haraka haraka ni kaburi la haraka haraka.

Ya tatu ni uzito, na hapa tunaomba mtusikilize sana, sababu hapa njo umaskini wetu unatujaribu. Bwato limeandikwa watu wane. Wewe mwenye kafi ni mmoja, kwa hiyo unabeba watatu. Anakuja baba na bibi yake na watoto wawili, anasema: “Yaya, ongeza tu moja, huyu ni mtoto, nitakulipa vizuri.” Tangu asubuhi hujakula. Feza ya mtu wa tano njo feza ya unga nyumbani. Tunaielewa hiyo hesabu, tunaifanya kila siku. Lakini mtu wa tano halipi unga. Anashusha bwato zima, mawimbi yanaingia, wote wanaogopa, wanakimbilia upande mmoja, na bwato linawafunika. Mtoto ni mtu. Mzigo ni uzito. Nafasi iliyobaki ndani haimaanishi bwato lina nguvu iliyobaki. Mtu wa tano abaki ngambo, atapanda kwenye zamu inayofuata. Na wanaopanda wakae chini, wasimame kwa sababu yoyote ile hapana, hata ya kupiga picha.

Ya nne ni jile. Jile moja kwa kila kichwa, limevaliwa na kufungwa mbele ya bwato kuacha mchanga. Jile lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Mtoto anavaa jile la kipimo chake. La mtu mzima linamchomoka juu ya kichwa akianguka. Shambrere ya gari si jile, bidon tupu si jile. Bidon tupu ya litri 20 iliyofungwa vizuri ina kazi yake ingine: ifungie kamba, ukae nayo, umtupie mtu aliyeanguka. Usimrukie majini. Anayezama anashika chochote, na atakushika wewe shingoni. Na bwato likipinduka, wote walishike, wasiliache ili kuogelea kwenda ngambo. Bwato lililopinduka bado linaelea, na linaonekana kuliko kichwa cha mtu.

Hapo kuko ndugu atakayesema: “Mie niko najua kuogelea.” Vizuri. Lakini hujui kuogelea kwa niaba ya abiria watatu.

Ya tano ni upepo na mvua. Bwato la mpira linakaa juu ya maji kama jani. Shika majani makavu, yarushe juu. Yakienda upande wa ziwa, upepo utakusukuma mbali na ngambo, na kafi lako halitatosha kukurudisha. Siku hiyo hatuendi. Na ninyi mnajua mvua ya kwetu kuanzia mwezi wa 11: asubuhi jua, mchana mawingu meusi upande wa milima, kisha radi. Ukisikia ngurumo ya kwanza, rudi. Usihesabu feza, rudi. Baada ya ngurumo ya mwisho, ngoja nusu saa mbele ya kuingia tena.

Ya sita ni fasi ambazo hatuendi. Hatukaribii kizuizi cha Mwadingusha, kule maji yanavutwa kuelekea mitambo na maporomoko. Bwato lisilo na injini halishindani na mvuto huo. Hatuweki bwato ndani ya mashimo ya zamani ya migodi yaliyojaa maji: kuta zake zinasimama wima, anayeanguka hana fasi ya kutokea. Hatuingii kwenye matete bila kuuliza wavuvi kama kuko mamba ao kiboko. Wazee wa ziwa hawana diplomu ya maji, lakini njo maprofesa wetu hapo.

Na wale wavuvi tuwaheshimu. Sisi tunaenda kutembea. Wao wako kazini. Wavu uliokatwa na kafi letu ni chakula cha jamaa ya mtu. Vijiti na ndoana zao zinatoboa mpira, kwa hiyo kuwakwepa ni faida yetu pia. Uvuvi ukifungwa, bwato letu lisiwe njia ya kuvua kwa kujificha. Na chupa tunazokunywa tuzirudishe Likasi. Ziwa hili limekwisha kupokea uchafu wa viwanda kupitia mito yetu, na sisi vijana tunaupigia kelele. Hatuwezi kupiga kelele mchana na kutupa mifuko majini jioni.

Neno moja juu ya kinywaji. Bia na lutuku havipandi ndani ya bwato, si kwa mwenye kafi, si kwa abiria. Anayekuja amelewa, mrudishie feza yake kwa heshima.

Mbele ya kuondoka, mtu mmoja anabaki ngambo akijua: ni watu wangapi wameondoka, wanaelekea wapi, watarudi saa ngapi. Anaandika kwenye daftari. Ndani ya bwato kuko makafi mawili, kamba, filimbi, pompi, kopo la kutoa maji, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Vyote hivyo havifikii bei ya jeneza.

Sasa, serikali. Tusidanganyane: kuna kazi ambayo si yetu. Si kijana asiye na kazi anayepaswa kukagua vyombo kwenye ziwa. Kwa hiyo tunadai mambo mane kwa wakubwa wa jimbo la Haut-Katanga na wa teritwari ya Kambove. Moja, wawekwe watu wa kukagua vyombo fasi watu wanapandia, siku ya Mungu na sikukuu, na ukaguzi usigeuke kuwa vizuizi vya kuchukua feza. Mbili, majile yauzwe bila kodi nzito, sababu huwezi kumlazimisha mtu kuvaa kitu ambacho hawezi kununua. Tatu, vibao viwekwe kuonyesha fasi za hatari, kwa Kiswahili, si Kifaransa peke yake. Ine, watoto wa masomo wa komine zote za Likasi, yaani Kikula, Panda, Shituru na Likasi yenyewe, wafundishwe kuogelea na kuokoa.

Tutadai hayo kwa barua, kwa mguu na kwa sauti. Lakini hatutangoja yajibiwe ndiyo tufunge majile. Zamani tuliambiwa raia anangoja serikali imlinde. Sisi tunasema raia anajilinda, anamlinda jirani, na wakati uleule anaibana serikali ifanye kazi yake. Hayo mambo mawili hayagombani.

Kwa wenye mabwato tunaomba ahadi tatu tu, na tuzitamke pamoja hapa. Hakuna jile, hakuna safari. Upepo ukigeuka, tunageuka. Mtu wa tano hapandi.

Na ninyi abiria, nguvu kubwa iko kwenu. Ukifika ukakuta bwato limejaa ao majile hayatoshi, shuka. Shuka na mtoto wako, sema kwa sauti ili wengine wasikie. Usione haya. Kukataa kupanda chombo kibovu ni kazi ya raia, sawasawa na kukataa kura iliyoibwa.

Maswali sasa, na kisha maswali tunaenda wote nje: bwato liko pale, pompi iko pale, kila mtu atajaribu kufunga jile kwa mikono yake mwenyewe.