Ugali Bora Huamuliwa Ghalani na Mashineni

Mada kwa wapishi wa shule na mama lishe



Nimepewa mada ya uchaguzi na uandaaji wa vyakula vya wanga. Swali la kwanza huwa ni lile lile: kipi bora, ugali, wali, ndizi au viazi? Naomba tuliweke pembeni. Gunia moja la mahindi, la shamba moja na msimu mmoja, linaweza kutoa unga unaolisha, unga usio na kitu zaidi ya nguvu, au unga wenye sumu. Tofauti hiyo hutokea kabla sufuria haijabandikwa, na hapo ndipo nitakapotumia muda wangu mwingi.

Tuanze mashineni. Punje ya mahindi ina ganda la nje, kiini pale inapochipulia, na sehemu ya katikati ambayo ni zaidi ya robo tatu ya punje na karibu yote ni wanga. Mafuta, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini vimo kwenye kiini na chini ya ganda. Ukikoboa ili upate sembe, unachobeba nyumbani ni ile sehemu ya katikati. Vingine vinabaki mashineni vikimsubiri mfuga kuku, na ndiyo maana huwa nawatania walimu kwamba kuku wa mtaa wao wanakula vizuri kuliko wanafunzi.

Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, inabaki na hivyo vyote, pamoja na nyuzinyuzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Anayekula maandazi asubuhi, sembe mchana na wali mweupe usiku atapata shida kuzifikia, labda awe mlaji hodari wa maharage na mboga.

Mtaniuliza kuhusu sembe ya viwandani iliyoongezwa virutubishi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilivitaka viwanda vikubwa viongeze madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Ni msaada mkubwa, hasa kwa wajawazito, na ukilazimika kununua sembe, nunua yenye nembo ya kuongezwa virutubishi. Ila nyuzinyuzi hazirudishwi, na mashine ya mtaani kwa kawaida haiongezi chochote.

Hata hivyo siwezi kuipigia debe dona bila masharti. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, watu waliumwa: macho ya manjano, kutapika, tumbo kujaa. Waliofariki walikaribia 20, na uchunguzi ukaangukia kwenye mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka, nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kule kule nilikokusifu dakika chache zilizopita. Kukoboa huipunguza. Dona huibeba yote. Wala msitegemee moto, kwa kuwa ugali wenye sumukuvu hata ukiiva vipi bado una sumukuvu. Kwa hiyo mwenye mahindi mabaya akisaga dona kwa kufuata ushauri wetu, tumemuumiza.

Kipimo rahisi ni hiki. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Unyevu wake umezidi asilimia 15. Isiponata, msishangilie mapema. Kiwango cha kuhifadhia ni asilimia 13.5, na tofauti hiyo chumvi haiioni. Anika tena siku moja au mbili, juu ya turubai na si juu ya udongo, kisha weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Kabla ya kusaga, chambua kwa mkono. Toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zenye rangi ya kijani au nyeusi. Kazi hii inachosha, ndiyo maana inakimbiwa. Na hizo mlizotoa msimpe ng'ombe: sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa.

Sasa jikoni. Kwa sababu ya mafuta ya kiini, dona haivumilii kukaa. Saga ya wiki moja, mbili zikizidi sana. Mwanafunzi anayelalamika kwamba dona ni chungu mara nyingi anasema kweli: amepewa unga uliochacha, na lawama ikaangukia dona. Koroga unga kwa maji baridi, acha uji utokote dakika kumi au zaidi ndipo uongeze unga, kwani chembe za pumba zinahitaji muda wa kunywa maji. Songa, punguza moto, funika uive kwa mvuke. Shule inayoanza ichanganye nusu kwa nusu na sembe, watoto wazoee.

Kuhusu kiasi sina mengi. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa ale ugali wa mtama, kisha akala mlima wa huo mtama, hajabadilisha kitu kikubwa. Wanga uchukue robo ya sahani. Na kama mnataka chakula kimoja cha kupikia wanafunzi wengi, mimi chaguo langu ni makande ya mahindi yasiyokobolewa: lowekeni mahindi na maharage usiku kucha, mwageni maji yale, chemsheni hadi punje ipasuke. Punje nzima humeng'enywa polepole kuliko unga, na maharage yanaongeza protini. Wanaoyaita chakula cha shida wana haki ya maoni yao.

Unga lishe wa nafaka saba pamoja na karanga na soya mbichi mimi siushauri. Karanga nazo hushambuliwa na sumukuvu, na mchanganyiko wa namna hiyo huharibika haraka. Kwa uji wa mtoto, kijiko kimoja cha unga wa kimea cha mtama au ulezi, kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo hadi kuwa vuguvugu, huulainisha bila kuongeza maji, hivyo mtoto anapata chakula zaidi kwenye kikombe kile kile. Baada ya kulainika, urudishe motoni uchemke ndipo umnyweshe.

Mwisho, muhogo mchungu. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame uliwafanya watu wafupishe hatua za kuuandaa, na sumu ya sianidi iliyobaki ikaleta ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, hasa kwa watoto na wanawake. Kuloweka hadi ulainike na kuchachuka, kisha kuanika, ni kazi ya siku kadhaa na haina njia ya mkato. Kama unga umekwishanunuliwa na hamjui uliandaliwaje, uloweshwe kwa maji kidogo, utandazwe tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, ukae juani saa mbili au kivulini saa tano ili sianidi iondoke na hewa, kisha usongwe siku hiyo hiyo.