Kazi ya Kompyuta na Hesabu ya Korija

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Kibiti



Mada tuliyopewa ni kukua kwa kazi za huduma za kompyuta katika nchi zinazoendelea. Huenda mtu akajiuliza: jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Kibiti na wa delta, ambao hesabu zetu ni za korosho, mpunga, kamba na mikoko? Latuhusu, kwa sababu limekwisha kubisha hodi mlangoni petu, nasi tukalifungulia kabla ya kuuliza jina lake.

Wengi wenu mnakumbuka. Alifika mtu mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye lugha nzuri na nguo safi, akaomba ukumbi wa parokia kwa siku tatu ili awaandikishe vijana katika kazi ya kompyuta, kazi ya wazungu itakayofanyikia hapa hapa. Sisi tuliona vema. Tukampa ukumbi bila malipo, tena tukamtangaza baada ya Misa. Vijana walitoa ada ya kuandikishwa, wakatoa na namba za vitambulisho vya taifa pamoja na picha za nyuso zao. Mzazi mmoja aliuza korosho zake kwa kangomba, kwa bei ya kutupa, ili mwanawe asikose kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika. Kazi kweli ilikuwapo. Waliifanya usiku, kwa majuma kadhaa, wakilipwa kidogo kidogo kwa njia ya simu. Kisha akaunti waliyokuwa wakiitumia ikafungwa, simu ya yule bwana ikawa haipokelewi, na ujira wa majuma ya mwisho haujaonekana hadi leo. Lawama ya ukumbi ni yetu sisi mapadre, wala hatumsukumii katekista. Ndiyo sababu tumeona tuseme wenyewe.

Hata hivyo tusianze kwa kuilaani kompyuta. Kazi yenyewe ni nini? Kampuni iliyo Marekani au Ulaya ina shughuli nyingi: kuandika hesabu, kupokea simu za wateja, kutengeneza programu, na siku hizi kuifundisha mashine. Huona kwamba mtu wa kwao ni ghali, hivyo huipeleka kazi hiyo kwa njia ya waya mahali ambapo mtu hulipwa kidogo. Chukueni mfano wa kuifundisha mashine, ambao ndio waliopewa vijana wetu. Mashine haijui kwamba kile kilicho katika picha ni mtu avukaye barabara, mpaka mtu halisi azungushie mstari na kuandika: huyu ni mtu, lile ni lori, ile ni baiskeli. Atafanya hivyo picha baada ya picha, maelfu kwa maelfu, na kila mstari ukienda upande, kazi hukataliwa. Kile kinachoitwa akili unde, ambacho wengine hukiita akili mnemba, kimejengwa juu ya macho na vidole vya watu wa namna hiyo.

Nchi nyingine zimepata riziki kubwa humo. Kule India, kampuni ya Tata Consultancy Services ilianzishwa mwaka 1968, na Infosys mwaka 1981. Leo sekta hiyo huajiri watu zaidi ya milioni tano. Ufilipino nao wamejulikana kwa kupokea simu za wateja wa Marekani, usiku wao ukiwa mchana wa wenzao, na walioajiriwa wamekwisha kupita milioni moja. Lakini tusidhani kwamba India ilinunua kompyuta kwanza ndipo ikapata kazi. Taasisi yake ya kwanza ya teknolojia ya taifa ilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, miaka thelathini kabla ya Infosys kuzaliwa. Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguka hasa mkongo wa Seacom ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata. Waya ulikuja. Mafunzo yamekuja polepole mno, na katika visiwa vya delta bado tunawaona vijana wakichaji simu kwa paneli ya jua, ilhali mto wao huo huo, kule juu kwenye bwawa la Julius Nyerere, una mitambo yenye uwezo wa megawati 2,115. Hilo tuliache, lina siku yake.

Tunalotaka kusema leo, wazee wa Salale, Twasalie na Mbwera wanalifahamu kuliko wanavyodhani. Enzi za majahazi, mikoko ya pwani yetu ilivushwa hadi Uarabuni na Uajemi, nchi zisizo na miti ya kujengea. Paa za nyumba za huko zilishikiliwa na boriti zilizokatwa katika matope ya Rufiji. Mkataji alisimama tope likimfika magotini, akivizia maji kupwa na kujaa, akitafuta mkandaa ulionyooka. Alilipwa kwa korija, yaani boriti ishirini. Hesabu ya korija aliijua barabara. Hakuna aliyeweza kumwibia hata fito moja. Bei ya boriti ilipofika Ghuba hakuijua, wala hakuna aliyemwambia. Kati yake na mjenzi wa nyumba ile walikuwapo mnunuzi wa kijijini, tajiri wa ghala, nahodha, na dalali wa bandarini, kila mmoja na chake.

Sasa sikilizeni habari ya Nairobi. Mnamo Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Kenya waliosaidia kuifundisha mashine ya kampuni ya OpenAI kutambua maneno machafu ili isiyaseme. Waliwekwa kazini na kampuni iitwayo Sama. Kwa mujibu wa jarida hilo, mkataba kati ya kampuni hizo mbili ulitaja dola 12.50 kwa saa, naye mfanyakazi alipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, kulingana na cheo na utendaji wake. Sama walijibu kwamba kiasi kile kililipia gharama zote, pamoja na majengo, mitambo na mishahara ya wasimamizi. Hatuna haja ya kuwaita waongo. Hata tajiri wa jahazi alikuwa na gharama zake: matanga, mabaharia, na jahazi lililozama mwaka uliopita. Lakini mkataji wa leo naye hakuambiwa bei ya ng'ambo. Ameisoma gazetini, baada ya kazi kwisha.

Tena kazi yenyewe haikuwa ya kuzungushia malori mistari. Walisoma, saa baada ya saa, maelezo ya watoto kunajisiwa, watu kuteswa na kujiua. Wenzao, waliochuja picha na video za mtandao wa Facebook hapo hapo Nairobi, waliyaona mambo hayo kwa macho. Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo, alifungua shauri mwaka 2022. Mwaka 2023 wafanyakazi 184 walifungua lao. Kampuni ya Meta, mwenye mtandao, ilisema kwamba haina makao Kenya, hivyo mahakama za Kenya haziihusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba yaweza kushtakiwa huko. Mwisho wa mwaka huo ilitangazwa kwamba waliopimwa na daktari na kukutwa na majeraha makubwa ya nafsi kwa sababu ya kazi ile walikuwa zaidi ya 140. Angalieni muda uliotumika kwa ajili ya swali moja tu la mwanzo: nani ni mwajiri?

Swali hilo ndilo tulilosahau kumuuliza mgeni wetu ukumbini.

Tulipolisema hili mbele ya vijana, mmoja wao, mzaliwa wa Bungu, alisimama akatujibu kwa adabu: "Baba Paroko, hiyo dola moja na nusu kwa saa, mimi nikiipata nitashukuru. Mkaa unanilipa nini?" Tulinyamaza kidogo, maana ana haki. Mafuriko ya mwaka 2024 yalifunika mashamba ya mpunga, na kabla watu hawajajifuta matope, mwanzoni mwa Mei kikapita kimbunga Hidaya. Wilaya iliyopita katika mauaji ya miaka ya 2016 na 2017 haiwezi kumdharau kijana aombaye kazi, hata kama kazi hiyo ina kasoro. Atakayewaambia vijana waikatae awe na nyingine ya kuwapa, nasi hatuna. Kwa hiyo hatusemi waikatae. Twasema waingie humo wakiwa na macho, nasi tulio watu wazima tuwe nyuma yao.

Watu wa delta si wageni wa kuuliza. Ulipoletwa mradi mkubwa wa kufuga kamba katika miaka ya 1990, kulikuwa na ahadi nyingi za ajira. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilishauri usikubaliwe. Serikali ikaukubali mwaka 1997. Wananchi wengi wa delta wakaupinga hadi mahakamani, na mabwawa yale hayakuchimbwa. Walioongoza upinzani ule walikuwa wavuvi na wakulima, na wengi wao hawakuwa na elimu ya kitabu kuwazidi hawa vijana wetu wa kidato cha nne.

Basi kijana akiletewa kazi, aulize kwanza jina la anayemlipa, na jina la anayemlipa huyo anayemlipa. Akiambiwa ni siri, ajue kwamba yuko katika matope ya korija. Aulize kama analipwa kwa saa au kwa kipande; na ikiwa ni kwa kipande, kazi inayokataliwa inakataliwa na nani, na je, aliyeikataa huitumia au huitupa? Hapo ndipo wetu walipoumizwa zaidi, maana waliambiwa kwamba nusu ya picha zao hazikufaa, na hakuna aliyewaonyesha kosa. Anayedaiwa ada ili apewe kazi, na aondoke; anayetafuta mfanyakazi ndiye mwenye kutoa fedha.

Kuhusu sheria, mnapaswa kujua kwamba hatuko uchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi. Makampuni mengi ya mtandaoni hukwepa kwa kumwita kijana "mkandarasi huru". Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo yaeleza hali ambazo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba ukimpa jina jingine, kwa mfano anapoamriwa namna na saa za kufanya kazi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali, na ndani ya siku 60 kwa migogoro mingine. Vijana wetu walikuja kwetu siku hizo zikiwa zimepita, kwa kuwa waliona aibu. Na kwa wale waliotoa namba za vitambulisho na picha zao, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ina Tume yake.

Liko jambo jingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, karibu na Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoathirika sana. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Safari hii haikuwa bahari. Alipwaye kwa kipande hapati kitu siku ambayo waya umekufa, na mwenye kazi ng'ambo huihamishia Manila. Tume ya Haki na Amani haiwezi kuongelea ajira ya vijana na kulifumbia macho hilo. Anayefunga barabara huulizwa na wachuuzi. Anayefunga mtandao naye aulizwe.

Wengine mmeuliza kama Kanisa lina neno hapa au tunaingilia mambo ya mafundi. Papa Leo XIII aliandika Rerum Novarum mwaka 1891, mashine za viwandani zilipokuwa zikimmeza mfanyakazi. Mei 2025, Papa Leo XIV alipowaeleza makardinali kwa nini amechukua jina hilo, alitaja waraka ule na mapinduzi mapya yaletwayo na akili unde. Naye Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Hayo yatosha kwa swali hilo.

Tumalizie na ukumbi. Halmashauri ya walei imekubali kwamba hautatolewa tena kwa mwandikishaji yeyote kabla hajaleta mkataba kwa maandishi, katika Kiswahili, siku saba kabla. Mwalimu mmoja wa sekondari na mwanasheria mmoja aliye jirani yetu, Mwislamu, wamejitolea kuisoma mikataba hiyo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa kijana yeyote wa dini yoyote, bila malipo. Wale waliodhulumiwa ujira tunawaomba wajiandikishe kwa katekista: tarehe walizofanya kazi, kiasi walicholipwa, na namba ya simu iliyowatumia fedha. Hata kama siku za Tume zimepita, sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi, nasi tutaandamana nao. Watakaotoka Nyamisati na visiwani waje na simu zao zenye ujumbe wa malipo, wasiufute hata mmoja. Nauli ya mashua itarudishwa kutoka katika sadaka ya Jumapili ile ambayo tulimtangaza yule bwana.