Chanjo ni nzuri, lakini mlango uko wapi? (Uzi)

Hii ni hotuba fupi niliyoandaa kwa baraza la vijana hapa Malindi. Sitaji chama wala mwanasiasa. Twende.

1/ Jamani, kila msimu wa siasa tunasikia mambo mawili. Huyu anasema, "Chanjo hazifanyi kazi." Yule anasema, "Nimewajengea zahanati." Yote mawili tuyapime.

2/ Kwanza chanjo. Hatuna haja ya kwenda mbali, utafiti umefanyika papa hapa Kilifi, KEMRI-Wellcome Trust, walioko tangu 1989. Chanjo ya nimonia ya PCV10 ilianza Kenya 2011. Kilifi, maradhi makali ya vimelea vinavyolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5.

3/ "Mbona mtoto wa jirani alichanjwa malaria na bado akaugua?" Swali zuri. Kilifi ilikuwa moja ya vituo 11 vya majaribio ya RTS,S, katika nchi 7 za Afrika. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, katika kila visa 100 vya malaria vilivyotarajiwa, takriban 36 vilizuiwa. Si vyote. Ndiyo maana neti haitupwi. Lakini 36 si sifuri!

4/ Sasa sikilizeni hapa. Hesabu hizo ni za mtoto aliyefika akadungwa. Asiyefika, chanjo kwake ni sifuri, hata iwe bora namna gani.

5/ Chukua mama anayetumia kiti cha magurudumu. Kashuka kwenye tuktuk na mtoto mgongoni. Mbele yake ngazi tano, rampu hakuna, mlango mwembamba. Afanyeje? Abebwe kama gunia? Akirudi nyumbani, tutasema "amekataa chanjo". Hakukataa. Jengo ndilo lililomkataa.

6/ Na hii si hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya.

7/ Nani aulizwe? Kununua chanjo ni kazi ya serikali kuu. Zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti. Wakianza kurushiana mpira, mwambieni kila mmoja ajibu la kwake.

8/ Akija kuomba kura, muulize: Rampu iko? Choo kinaingilika na kiti cha magurudumu? Umeme ukipotea, friji ya chanjo inabaki kati ya nyuzi 2 na 8? Moto ukizuka, wagonjwa wanatokea wapi?

9/ Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Nendeni vikao vya maoni kabla bajeti haijapitishwa. Baada ya hapo tutabaki kulalamika humu mitandaoni tu.

10/ Kukata utepe ni siku moja. Mama yule anakuja kliniki kila mwezi.